Mafuta ya Sangara Chini ya Kotina

Nimekaa chini ya gari la baba zaidi kuliko nilivyokaa darasani. Darasa la saba ndiyo mwisho wangu, na hata hilo la saba nilikuwa naingia na oili kwenye kucha, mwalimu ananirudisha nje nikanawe. Nasema mapema ili mtu asije akasoma hapa akitafuta maneno makubwa. Nitaeleza jinsi gari lile lilivyoishi, jinsi lilivyokufa, na akina nani waliliua. Majina siyataji, kwa sababu wenye makosa wana watoto, na watoto wale wananiita shangazi, wengine dada, na hawajanikosea kitu. Lakini nikisema kaka yangu mkubwa, mimi nina kaka mkubwa mmoja tu. Nikisema baba mdogo, aliyebaki hai ni mmoja. Wakisoma watajijua.

Lilikuwa gari la Kiingereza, Kotina, la milango minne, rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Taa zake za nyuma zilikuwa za mviringo, kila moja imekatwa vipande vitatu kama chungwa. Nikiwa mdogo nilidhani magari yote ya Uingereza yana taa kama hizo. Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa pamba. Yule tajiri alipofunga biashara na kuondoka nchini, hakuwa na namna ya kulibeba, akamwandikia baba barua ya kumpa, akaisaini na kumkabidhi ufunguo. Baba aliihifadhi barua ile mpaka ikawa laini kama kitambaa. Aliwahi kuwa na nyumba ya nyasi na Kotina mlangoni, watu wakamcheka. Bati lilikuja miaka mingi baadaye.

Siku hizo Kotina zilikuwa nyingi mjini. Alikuwa nayo daktari, alikuwa nayo bwana shamba mkuu, alikuwa nayo padri mmoja mnene ambaye akiingia gari linainama upande. Baba alizijua zote kwa sauti. Halafu zikaanza kuoza. Zilioza kuanzia chini, kama meno, juu zinang'aa na chini hakuna kitu. Moja ilikatika katikati mbele ya soko ikiwa na abiria. Nyingine ikageuzwa banda la kuku. Baba alikuwa akirudi nyumbani anamwambia mama, imebaki nne. Imebaki tatu. Kama mtu anayetoa habari za ukoo.

Mwaka niliomaliza shule, ziwa lilikuwa limejaa sangara. Minofu ilikuwa inaondoka kwenda ng'ambo, na sisi tuliobaki tulikula mapanki, ile mifupa yenye nyama kidogo. Mafuta ya tumboni yalikuwa mengi hata wapasua samaki wanayatupa. Mama aliyaokota akayakaanga, yakatoa mafuta ya rangi ya asali. Ndipo baba akaona kwamba lile sufuria la chuma alilokaangia mama, lililokuwa limekaa nje mvua nzima, halikushika kutu hata kidogo. Alilishika akaligeuza geuza. Kesho yake akaja na dumu.

Tulikuwa tunakaa Butimba, na uwanjani kwetu kulikuwa na mawe mawili makubwa yaliyolala, yameachana kiasi cha mtu kulala katikati. Baba alipandisha Kotina pale polepole, magurudumu ya kushoto jiwe hili na ya kulia jiwe lile, na chini ukabaki uwazi. Gereji ya bure, Mungu kaijenga. Yeye alikuwa mtu mpana, haingii. Kaka zangu walikuwa shuleni, tena walikuwa wanasomea kutochafuka. Nikaingia mimi.

"Brashi haifai," baba aliniambia. "Chuma kinataka kiganja, mama."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Basi nikalala juu ya gunia, na yeye ananipitishia mafuta ya sangara yaliyochanganywa na oili chafu ya injini, nami napaka kwa kiganja. Nilipaka kwenye sakafu, kwenye kingo za milango kwa ndani, nyuma ya magurudumu, kila kona ambayo maji hujificha. Yalinidondokea usoni. Mbwa wa mtaa mzima walikuja wakakaa kama wako kanisani. Jirani yetu mmoja alikuwa akipita anauliza, "Mzee, leo unakaanga gari?" Baba anamjibu, "Karibu, lete ugali."

Tulifanya hivyo kila mwaka, mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza. Kwa wiki tatu nne gari lilinuka kama ufukweni, halafu harufu inakufa na chini inabaki ngozi nyeusi inayonata vidoleni. Maji yakigusa yanateleza. Nimefanya kazi hiyo miaka zaidi ya thelathini. Cheti sina, lakini kutoka Nyegezi mpaka Kiseke hakuna aliyejua sakafu ya gari lile kama mimi.

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwahi kulieleza.

Niliolewa, mume akaenda Geita kuchimba dhahabu, na huko akapata kilichomfaa, hakurudi. Alikuwa ameniacha na mimba. Nikarudi kwa baba. Uchungu ulinianza asubuhi, mwezi wa nne, mvua inanyesha tangu alfajiri kama inamwagwa. Mama akatandika kanga kwenye kiti cha nyuma, nikalala kichwa changu mapajani kwake. Baba akavuta choki, Kotina ikawaka mara moja. Hilo nalisema kwa sababu magari mapya ya majirani yalikuwa yamekataa kuwaka asubuhi ile.

Tulipofika Mkuyuni mto ulikuwa umepanda barabarani. Foleni mbele, foleni nyuma. Baba alishuka akaenda kuangalia maji, akarudi, akaenda tena. Hatukuweza kwenda wala kurudi. Mwanangu akazaliwa pale pale, kwenye kiti cha nyuma, mama akampokea kwa mikono yake. Wa kiume. Alilia mara moja, sauti ndogo, kama anauliza. Akashika kidole changu. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke wetu, nje hakuonekani kitu, na ndani tulikuwa wanne na joto. Nasema wanne. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Maji yalipopungua na baba akapita, mtoto alikuwa ameshanyamaza, na mimi nilikuwa natoka damu.

Hospitali walisema ningechelewa kidogo tu nisingefika. Walinitoa kizazi. Nikapona, kama watu wanavyosema kupona.

Kwetu mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina hakaliwi msiba. Wanawake wazee wanamchukua, wanamzika nyuma ya nyumba bila msalaba, bila wimbo, na hatajwi tena. Ukimtaja unaonekana unaita mkosi kwa wanaoweza kuzaa. Nilitoka hospitali nikakuta yote yamekwisha. Walinionyesha mahali, upande wa migomba. Miaka kadhaa baadaye barabara ilipanuliwa na mtaro ukapita hapo hapo. Nani angeenda kuwazuia, na kwa maneno gani?

Kilichobaki ni kiti cha nyuma. Kilikuwa cha plastiki nyekundu ya kufanana na ngozi, na damu ilikuwa imeingia kwenye mshono na kwenye sponji, ikaacha alama nyeusi kama ramani. Baba hakukiosha. Hakuniambia kwamba hatakiosha, wala mimi sikumwomba. Alichukua kitenge cha mama akakitandika juu, akakichomeka vizuri pembeni, na tangu siku hiyo hakuna abiria aliyekaa upande ule. Mtu akitaka kukaa, baba anasema springi imevunjika. Springi ilikuwa nzima. Mara moja moja, gari likiwa limesimama, niliingia nikakaa pale. Baba akiniona anaenda kuangalia kitu kingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nililala chini ya chuma miaka yote ile, jibu ndilo hilo. Wengine walidhani nampenda baba, na kweli nilimpenda. Wengine walidhani nasubiri kurithi.

Baba alifariki miaka minne iliyopita, uzee tu, amekaa kwenye kiti chake. Mama alikuwa ametangulia. Mjini Mwanza wakati huo Kotina nzima ilikuwa moja, hiyo yetu. Nasema nzima, inayotembea, taa zote zinawaka.

Siku ya kuanua matanga kikakaa kikao cha ukoo. Baba mdogo alikuja kutoka Misungwi kukiongoza. Ni mtu anayependa kukohoa kabla ya kuongea ili watu wanyamaze. Nyumba ikawa ya kaka zangu, mimi nikaachiwa chumba kimoja nikae maisha yangu. Ng'ombe wa kijijini wakagawanywa. Ilipofika gari, baba mdogo hakuuliza hata. Alisema gari ni kitu cha mwanaume, linakwenda kwa mkubwa. Wazee wakaitikia. Kisha, kama desturi inavyotaka, akanigeukia mimi binti nijibu mbele ya wote kabla watu hawajasimama, maana wakishasimama neno lolote linalokuja baadaye ni ugomvi.

"Na wewe, mama, una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi usiku wa siku tatu. Nilitaka kusema, chukueni gari, nipeni kiti cha nyuma. Wangeuliza kwa nini. Ningemtaja vipi mtoto ambaye hakukaliwa msiba, tena ndani ya msiba wa mtu mzima, mbele ya wake za kaka zangu, mmoja ana mimba? Baba mdogo alikuwa akijua. Alikuwepo mwaka ule, alijua gari lile lilibeba nini. Alinitazama, nikamtazama, akakohoa.

"Sina neno, baba," nikasema.

Watu wakasimama. Basi katika walioliua gari lile, wa kwanza ni yeye, aliyejua akaniuliza kwa namna ya kunifunga mdomo. Wa pili ni mimi. Sijiondoi kwenye hesabu.

Wa tatu ni kaka yangu mkubwa. Huyu alisomeshwa kwa mapanki aliyokaanga mama, mpaka akafika chuo. Amejenga Kiseke, nyumba ina vioo vya giza. Aliichukua Kotina akaipeleka kwa fundi rangi, kwa sababu alikuwa ameona kwenye simu kwamba watu siku hizi wanapenda gari la zamani kwenye harusi. Wazo lenyewe si baya. Ningemsaidia. Ila hakuniuliza.

Mwezi wa tisa nilibeba dumu langu la mafuta nikaenda Kiseke. Nikaikuta Kotina uani, nyeupe kama jino la bandia. Bampa zimesuguliwa zinaumiza macho. Nikainama kuangalia chini. Ile ngozi nyeusi ya miaka thelathini haikuwepo. Walikuwa wamelipiga maji ya presha, wakalisugua kwa mafuta ya taa na sabuni ya kuondoa grisi, mpaka chuma kikabaki uchi. Halafu wakapulizia rangi juu juu.

"Kaka, chini mmeosha."

"Tumeosha haswa. Vijana walitumia siku mbili. Ulikuwa uchafu, mdogo wangu, hujapata kuona."

"Ule haukuwa uchafu. Nimeleta mafuta, nipake kabla ya mvua."

Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemcheka mtoto. "Hili sasa linabeba maharusi. Bibi harusi ashuke ananuka sangara? Watu watasema nini?"

"Sangara ndiye aliyekusomesha."

"Ndiyo," akasema. "Nimesoma ili nisinuke."

Nilifungua mlango wa nyuma. Walikuwa wameweka kiti kingine, cha kitambaa cheupe cha kung'aa, kimekatwa kutoka gari gani sijui. Nikauliza cha zamani kiko wapi. Akasema kipo kwa fundi, kilikuwa kimeoza, nikitake cha nini.

Nilikwenda kwa fundi siku hiyo hiyo, dumu kichwani. Fundi alikuwa mtu mwema, alinipa kigoda. Aliniambia kile kiti kilikuwa kinanuka, mbwa walikuwa wanakivuta vuta, kwa hiyo walikichoma pamoja na takataka nyuma ya gereji. Alinipeleka. Nikakuta springi, zimejipanga safu safu kwenye majivu, zimegeuka rangi ya kutu kwa ule moto. Niliokota moja. Fundi akaniambia, mama, kama ni springi ninazo nyingi mpya. Nikamwambia asante, hii inatosha.

Nilitaka kuiweka mahali. Sikujua mtu anaweka wapi kitu kama kile.

Kaka alipata harusi chache. Nilikuwa nikiiona Kotina inapita na matarumbeta mbele, mimi niko barabarani kwenye sufuria langu la kukaangia mapanki ya kuuza, nafuta mikono. Mvua za mwaka ule zikaisha, zikaja nyingine. Kwenye sakafu walikuwa wamebandika zulia nene, na zulia likishika maji halitoi. Mvua ya pili ndiyo iliyomaliza. Mama mmoja mteja wangu, aliyekuwa mwalikwa kwenye harusi moja, ndiye aliyenisimulia. Walifika ukumbini Nyegezi, kamera zimejipanga, bibi harusi akaweka mguu chini ili ashuke, kisigino cha kiatu kikapita kwenye zulia, kikapita kwenye sakafu, mguu ukazama mpaka gotini. Akakwama. Shela linavutwa huku, mguu unavutwa kule, MC anawaambia watu wapige makofi. Mteja wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Nikacheka naye. Halafu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia moshi.

Kaka hakuniambia alivyofanya baada ya hapo. Niliambiwa na mtu wa bodaboda kwamba ameliona gari la mzee kwa wapima vyuma chakavu. Nilipofika lilikuwa limeshakatwa. Bodi ilikuwa vipande juu ya mabati ya watu wengine, boneti imekunjwa mara mbili kama chapati. Mpimaji akaniuliza nauza au nanunua. Nikamwambia naangalia. Chini, kwenye matope, niliiona taa ya nyuma ya kushoto, nzima, vipande vitatu vya chungwa havina hata ufa. Plastiki hawaipimi. Akaniambia chukua tu, mama, hiyo takataka. Nikaifunga kwenye kanga.

Kwa hiyo nikawa na springi moja na taa moja. Niliviweka kwenye ndoo chini ya kitanda, nikaendelea kukaanga mapanki. Nani angeniuliza chochote?

Mwaka huu, mwezi wa sita, nilikuwa nageuza samaki mchana nikasikia injini barabarani. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Nilidondosha mwiko. Kwa sekunde moja, nasema kweli, nilijua kwamba baba anarudi kutoka mjini na nimeshachelewa kufungua geti.

Ilikuwa Kotina ya bluu. Ilisimama mbele ya banda langu, akashuka mzee mrefu, shati limechomekwa vizuri, rozari inaning'inia kwenye kioo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaomba samahani kwa kunikatiza kazi.

"Nimeelekezwa kwako na fundi rangi mmoja," akasema, akaweka mkono kwenye boneti. "Nasikia hapa alikuwepo ndugu yake huyu."

"Alikuwepo," nikamjibu.

Akavua kofia. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole kwa gari lile. Kofia ikiwa bado mkononi, akasema shida yake. Anatoka upande wa Bukoba, mwalimu mstaafu. Gari lilikuwa la baba yake, lilinunuliwa kwa kahawa. "Na sisi Wahaya," akaniambia, "kitu kilichonunuliwa kwa kahawa hatukiachi, hata kikitudhalilisha njiani." Ng'ombe alikuwa amevunja taa ya nyuma ya kushoto. Alikuwa amezunguka Kampala, amezunguka Nairobi kwa simu za watoto wake, amepita Geita, amevuka daraja la ziwani, na kila mahali wanamwambia haipo. Mahali pa taa alibandika karatasi nyekundu kwa gundi. Trafiki wanamsimamisha, wakishamsimamisha wanapiga naye picha. Kwa miaka mingi hajaona Kotina nyingine inayotembea upande wetu wa ziwa. Alisema alikuwa anakuja Mwanza akitumaini kuiona yetu tu, hata bila taa.

Nikamwambia sina kitu. Ilitoka yenyewe, kama ile ya kikao.

Akashukuru. Akaomba maji ya kunywa, nikampa. Alipokuwa anakunywa nikamuuliza kama naweza kuangalia chini. Akashangaa kidogo, akasema angalia. Nikamwelekeza apandishe kwenye yale mawe mawili ya uwanjani kwetu, nikatandika gunia, nikalala chali nikaingia, na magoti yangu ya sasa si yale.

Nitasema nilichokuwa nataka. Nilitaka nikute imeoza. Nilitaka nichomeke kidole kipite, nitoke nimwambie, mzee, huyu naye anakwenda. Kwa nini wa kwao abaki na wa kwetu amelazwa kwenye mizani? Nikapapasa. Sakafu ilikuwa ngumu. Bukoba wamelitunza, walipaka lami zamani. Lakini lami ilikuwa imekauka imepasuka, na nyuma ya gurudumu la kushoto, pale maji yanapojificha, chuma kilikuwa kimeanza kumeguka kama biskuti. Kidogo tu. Mtu asiyejua asingeona. Ilibaki mvua mbili.

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nimelala pale nikitabasamu kwenye chuma cha mtu aliyenipa pole. Ningenyamaza tu. Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nilipotoka nikamwomba nikae ndani. Akanifungulia mlango wa mbele kwa heshima, nikamwambia nyuma. Kiti kilikuwa kile kile. Nyekundu ile ile, mshono ule ule, kile kisahani kidogo cha majivu ya sigara nyuma ya kiti cha mbele, ambacho nilikishikilia siku ile mvua inanyesha. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikishikilia. Niliweka kiganja mahali pake. Hapakuwa na alama, ngozi ilikuwa safi. Nikavuta kioo juu, nikafunga mlango. Yule mzee aliangalia, halafu akaenda kuangalia kitu kingine, kule kwenye sufuria langu. Baadaye nilimkuta amewageuza samaki wote, hakuna aliyeungua.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipofungua mlango nikamwambia, "Mzee, nyuma ya gurudumu la kushoto pameanza kuoza. Nina dawa. Ila litanuka."

"Litanuka nini?"

"Samaki. Mwezi mmoja. Baada ya hapo litanuka gari."

"Mke wangu atasema nilikuja Mwanza kufanya nini."

"Mwambie ulikuja kukaanga gari."

Nikachemsha mafuta, nikachanganya na oili chafu niliyoomba kwa mtu wa bodaboda, nikaingia tena. Nilipaka mpaka jua lilipohama uwanjani. Mbwa walikuja, si wale wa zamani, wajukuu zao labda, wakakaa. Nilipotoka nilikuwa mweusi mpaka shingoni. Ndipo nikaingia chumbani, nikavuta ndoo chini ya kitanda. Springi nikaiacha. Taa nikaitoa.

Yule mzee aliishika kwa mikono miwili. Hakuniuliza kwa nini nilimwambia sina. Alitaka kujua anipe nini. Nikamwambia viwili. Mwezi wa tisa alilete tena, kabla ya mvua. Na kile kiti cha nyuma asikibadilishe, hata kikichakaa, hata watoto wake wakimwambia.

"Kuna mtu alikaa hapo," nikasema.

Ni mara ya kwanza mdomo wangu kutoa sentensi hiyo. Aliitikia kwa kichwa, akafunga taa kwa bisibisi yake mwenyewe amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi. Alipowasha taa tukaenda nyuma kuangalia. Yetu iliwaka nyekundu zaidi kuliko ya kwake.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipokanyaga breki kwenye kona niliziona zote mbili, halafu akapotea.

Baada ya siku chache kaka yangu mkubwa akapiga simu. Alikuwa amesikia mtu anazunguka mji anatafuta vifaa vya Kotina, akauliza kama kuna chochote kilibaki kwangu. Nikamwambia hakuna, nikamwambia anisalimie watoto. Hakuomba msamaha, na sikumsubiri aombe. Baba mdogo mgongo unamsumbua, nasikia. Nayo hayo nimeyasikia tu.

Mafuta nimeshakaanga, yako kwenye dumu. Yule mzee simjui, na watu husema watarudi kwa sababu ni adabu kusema hivyo. Mwezi wa tisa bado. Yale mawe nimeyafagia.